SOMO LA PIKIPIKI KWA MTU MZIMA ANAYEANZA



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za miche, za kuchuma, za kuchambua na za kuanika. Leo tunaleta somo la namna nyingine, lakini nalo lina uhusiano wake na shamba. Msimu wa karafuu ukimalizika na mtu akishalipwa fedha zake, wako wanachama ambao jambo la kwanza wanalolifikiri ni kununua pikipiki. Hapana ubaya. Pikipiki humfikisha mtu shambani ambako gari haliwezi kufika, hubeba gunia, na usiku wa dharura humpeleka mkunga kwa mgonjwa. Ubaya uko mahali pamoja tu: mtu hununua leo, hupanda leo, na kesho yumo barabarani kati ya magari, naye hajapata kufundishwa hata namna ya kusimama.

Neno kubwa la somo hili ni fupi. Jifunze kusimama kabla hujajifunza kwenda. Mchumaji hodari hapandi mkarafuu mpaka ajue atashukaje, kwa kuwa tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika wala halina huruma. Pikipiki nayo ni vivyo hivyo.

KWA NINI MBEYA NA IRINGA

Mifano ya somo hili tumeichukua Nyanda za Juu Kusini, katika Mbeya na Iringa. Sababu ni mbili. Kwanza, watu wa visiwani hufika huko kwa ajili ya mchele, viazi na mbao, na mgeni asiye na gari hujikuta akitumia pikipiki. Pili, nchi ile ni mwalimu mkali. Mji wa Iringa uko kiasi cha mita 1,600 juu ya bahari, na Mbeya kiasi cha mita 1,700. Kuna milima, kuna baridi, kuna ukungu, kuna tope, tena kuna barabara kuu ambayo malori ya kwenda Zambia, Malawi na Kongo hupita mchana na usiku. Mambo ambayo kwetu huonekana mara moja moja, huko huonekana yote kwa siku moja. Na Pemba si tambarare. Mwenye kuijua njia ya vilima kati ya Wete na Chake Chake ataona kwamba mafunzo ya Mbeya yanamhusu na yeye.

UMRI SI KIZUIZI, AIBU NDIYO KIZUIZI

Watu wengi wa miaka 40 au 50 hudhani kwamba wakati wao umepita. Sivyo. Kijana hujifunza upesi kushika usukani, lakini mtu mzima ana kitu ambacho kijana hana, nacho ni woga wenye akili. Amekwisha kuona mazishi, ana watoto wanaomtazama, wala hana haja ya kuonyesha watu ujuzi wake. Hayo yote humsaidia.

Linalomdhuru mtu mzima ni aibu. Haoni vizuri kufundishwa uwanjani mbele ya watoto wanaocheka, basi hujifunza mwenyewe kwa kificho, au humwomba mpwa wake amfundishe jioni moja. Mwaka 1981 Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, alitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki, ambazo yeye na wenzake walikwenda kuzichunguza pale pale zilipotokea, katika Los Angeles na pande zake. Waliona kwamba katika kila waendeshaji 100 waliopatwa na ajali, 92 hawakupata kufundishwa na mwalimu; walijifunza wenyewe, au kwa jamaa na marafiki. Waliona pia kwamba wengi, walipotaka kusimama kwa ghafula, walikanyaga breki ya nyuma kupita kiasi wakaiacha ya mbele, nayo ndiyo yenye nguvu.

Basi mtafute mwalimu. Mbeya na Iringa kote viko vyuo vya ufundi vya VETA, na ziko shule za udereva. Uliza ni wapi wanafundisha pikipiki. Tenga siku kumi na mbili, saa moja kila siku, asubuhi kabla ya jua kali. Usijifunze saa nne mfululizo, kwani mikono ikichoka hujifunza makosa. Na haya tunayoyasema yanawahusu wanaume na wanawake sawasawa.

LESENI NA MAVAZI

Kwa Tanzania Bara, mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Mwanafunzi sharti awe na leseni ya muda ya kujifunzia kabla ya kuingia barabarani. Leseni kamili ya pikipiki ina madaraja: A1 ni kwa pikipiki ambayo injini yake haizidi sentimita za ujazo 125, na A ni kwa iliyo kubwa zaidi. Tazama vizuri, kwa kuwa pikipiki nyingi ziuzwazo madukani ni za 150. Zanzibar ina sheria zake na leseni zake. Mwanachama anayetaka kuendesha pande zote mbili na aulize polisi wa usalama barabarani kabla ya kuvuka bahari, asingoje kuulizwa yeye. Bima nayo isisahauliwe.

Sasa kofia ngumu. Mwaka 1935 huko Uingereza, T. E. Lawrence, yule aliyepata jina kubwa katika vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki yake alipokuwa akiwakwepa vijana wawili wa baiskeli, naye alikuwa hana kofia ngumu. Alikufa baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari walioitwa kumtibu alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo, naye baadaye akaanza kuchunguza vifo vya askari wapeleka barua kwa pikipiki. Mwaka 1941 aliandika matokeo ya uchunguzi wake, na mwaka huo huo jeshi la Uingereza likaamuru kila mwendesha pikipiki aliye kazini avae kofia ngumu. Tangu hapo elimu imezidi. Mwaka 2008 wataalamu walikusanya pamoja uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali, wakaona kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa katika ajali kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa kiasi cha asilimia 69.

Lakini kofia iliyotundikwa kwenye usukani haimlindi mtu. Wala isiyofungwa kamba ya kidevuni haimlindi, kwa kuwa hutangulia kuruka. Nunua inayokubana kichwa bila kukuumiza. Ukiitikisa, ngozi ya paji la uso iende pamoja nayo. Iliyokwisha kupata pigo kubwa katika ajali usiivae tena, ijapokuwa nje haina ufa.

Mavazi mengine ni haya: viatu vya kufunika vifundo vya miguu, suruali nene, koti la mikono mirefu, na glavu. Mtu akianguka hutanguliza mikono yake. Kwa sisi watu wa kanzu, baibui na kanga, liko onyo la pekee. Nguo pana hunaswa na mnyororo au gurudumu la nyuma, na humvuta mtu chini kabla hajajua nini kimempata. Anayeendesha avae suruali na kuikunja kanzu juu ya magoti na kuifunga. Anayechukuliwa nyuma akusanye pindo zake zote na kuzikalia. Kadhalika panda na kushuka upande wa kushoto, kwa kuwa katika pikipiki nyingi bomba la moshi liko kulia, nalo huunguza mguu.

SIKU YA KWANZA: INJINI IMEZIMWA

Siku ya kwanza usiwashe injini. Ijue mashine kwanza kama umjuavyo punda kabla ya kumtwika. Mkono wa kulia una kazi mbili: kuongeza mafuta kwa kuzungusha kishikio, na kubana breki ya mbele. Mkono wa kushoto hubana klachi. Mguu wa kulia hukanyaga breki ya nyuma. Mguu wa kushoto hubadili gia. Katika pikipiki nyingi gia ya kwanza huingia kwa kukanyaga chini, na zinazofuata kwa kuinua. Lakini ziko zenye mpango mwingine, basi umwulize mwenye pikipiki kabla ya kuondoka, usigundue mlimani.

Isukume pikipiki kwa miguu, wewe ukiwa kushoto kwake, uizungushe uwanja mzima. Utajua uzito wake, na utajua inapoanza kukushinda. Kisha kaa juu yake, mtu aisukume polepole mahali penye mteremko mdogo, nawe ujaribu breki zote mbili. Usishike kwa ghafula, bali kamua taratibu, kama mtu akamuaye chungwa bovu asitake limpasukie. Fanya hivyo mara ishirini. Wengi huona kazi hii ni ya kitoto. Lakini mwenye kuifanya hushuka siku ile akijua jambo moja ambalo wengi walioendesha mwaka mzima hawalijui: breki zake zinafika wapi.

UWANJANI: KLACHI, BREKI, MACHO

Tafuta uwanja mpana, kwa mfano kiwanja cha shule siku ya mapumziko, kwa idhini ya mwalimu mkuu. Washa injini, bana klachi, ingiza gia ya kwanza, kisha achilia klachi kidogo kidogo mpaka usikie mashine inataka kwenda. Hapo ndipo mahali pa kuikamata. Usiongeze mafuta, bana tena, usimame. Rudia. Mwanafunzi asiyepajua mahali pale hurushwa mbele, na kwa hofu huvuta mafuta zaidi badala ya kupunguza. Ajali nyingi za siku ya kwanza huwa ni hiyo. Dawa yake ni moja: ukishtuka kwa lolote, bana klachi. Klachi ikibanwa, injini hata ikipiga kelele, gurudumu halisukumwi.

Ukiisha kuweza kwenda na kusimama katika mstari ulionyoka, jifunze breki. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito hukimbilia mbele. Gurudumu la mbele hugandamizwa chini na la nyuma huwa jepesi. Kwa sababu hiyo breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Watu huiogopa kwa kusikia kwamba hupindua. Ikinyakuliwa kwa ghafula, au usukani ukiwa umepinda, huangusha kweli. Ikikamuliwa taratibu nawe umenyooka, ndiyo itakayokuokoa. Penye changarawe au tope, tumia ya mbele kwa ulaini sana na uisaidie kwa ya nyuma.

Kisha jifunze kupinda. Punguza mwendo kabla ya kona, usipunguze ndani ya kona. Tazama mahali unapotaka kutokea, wala usitazame mtaro. Pikipiki hufuata macho. Anayelikazia macho shimo huingia shimoni. Weka makopo matano kwa mstari, yaachane hatua tano tano, uyapite kwa kupindapinda ukitazama kopo la mbele zaidi. Mwendo ukizidi kidogo utaona ajabu: ukitaka kwenda kulia, sukuma kishikio cha kulia mbele kidogo, na pikipiki italala kulia na kufuata. Lifanye kwanza uwanjani mpaka mikono izoee.

HESABU YA KUSIMAMA

Hapa tunaomba kila mwanachama achukue kalamu. Mtu akiona hatari, hupita kiasi cha nukta moja kabla mkono wake haujashika breki. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, nukta moja ni mita 8. Kwa kilomita 60, ni mita 17. Baada ya hapo breki huanza kazi yake. Katika lami kavu, na mtu anayejua kushika breki, mwendo wa 30 huhitaji kama mita 6 zaidi, na mwendo wa 60 huhitaji kama mita 23.

Jumlisha. Kwa mwendo wa 30 utasimama katika mita 14. Kwa mwendo wa 60 utasimama katika mita 40. Mwendo umezidi mara mbili, lakini sehemu ya breki imezidi mara nne. Na hizo ni hesabu za lami kavu. Penye maji au vumbi ongeza nyingi. Pima mita 40 kwa miguu yako shambani uone ni miti mingapi ya mikarafuu. Kwenye barabara za Bara, ndani ya makazi ya watu, mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Kwa anayeanza, miezi mitatu ya kwanza, 40 inatosha.

MILIMA

Sasa twende mlimani. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa hupanda mlima wa Kitonga, baada ya Ruaha Mbuyuni na kabla ya Ilula. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja jabali na upande mwingine bonde, na malori yenye shehena hupanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Akifika Ipogolo chini ya mji wa Iringa, hukutana na mpando mwingine wa kuingia mjini. Mbeya nayo imezungukwa na milima, na njia ya kwenda Chunya hupanda juu sana kabla ya kushuka upande wa pili. Hizi si njia za mwanafunzi. Kanuni zake lakini ni zile zile za kilima kidogo cha kijijini, na hapo ndipo pa kuzijifunza.

Kuondoka penye mpando: mguu wa kulia ubane breki ya nyuma, mguu wa kushoto uwe chini. Ongeza mafuta kidogo, achilia klachi mpaka injini ianze kukamata na pikipiki itake kwenda, ndipo uachie breki. Usiiache breki kwanza, utarudi nyuma, na nyuma yako pengine kuna lori.

Kushuka: ingia katika gia ile ile ambayo ungeitumia kupanda mlima huo, nayo injini itakuzuia. Breki iwe msaada. Anayeshuka kwa breki peke yake huzipasha moto, na breki zikishika moto hupoteza nguvu wakati zinapotakiwa. Wako watu wenye tabia ya kuzima injini mteremkoni ili kuokoa petroli. Huu ni mchezo wa kufa. Petroli inayookolewa haifiki bei ya chai, na mtu amejinyima breki ya injini yake.

Usipite lori katika kona za mlima. Lori linalopanda polepole hukushawishi, lakini linaloshuka huwezi kuliona, na pengine lenyewe halina breki za kutosha. Ngoja. Ukiona lori linashuka kwa kasi isiyo ya kawaida na honi inalia, toka barabarani kabisa, usijadiliane nalo.

Liko jambo la hewa pia. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyembamba, na injini hupoteza kiasi cha sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Pikipiki iliyopangwa kabureta yake pwani, ikifika Mbeya hupata petroli nyingi kuliko hewa. Huwa nzito, hutoa moshi mweusi, na plagi huwa na masizi. Haikuharibika. Mpelekee fundi wa huko airekebishe, na ukishuka pwani irekebishwe tena.

BARIDI, UKUNGU, MVUA NA UPEPO

Mtu wa visiwani hajui baridi ya Juni na Julai ya Mbeya na Iringa mpaka aipate. Upepo wa mwendo huizidisha. Vidole vikifa ganzi haviwezi kukamua breki wala klachi, na hapo hatari yake ni sawa na mtu asiye na breki. Vaa glavu nene, soksi mbili, na gazeti moja lililokunjwa kifuani chini ya koti. Gazeti huzuia upepo kuliko shati la pili. Ukianza kutetemeka, simama mahali pa chai upate moto. Safari itangoja.

Ukungu huonekana sana asubuhi katika Mufindi na pande za Rungwe. Ndani ya ukungu washa taa ndogo ya chini, si ile kali ya mbali, kwa kuwa mwanga mkali hurudi machoni mwako. Enda kwa mwendo wa kuweza kusimama ndani ya umbali unaouona. Kama umbali huo ni mita 14, basi hesabu yetu ya juu imekwisha kukuambia mwendo wako.

Kwetu tuna masika na vuli. Nyanda za Juu Kusini zina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, na upande wa Tukuyu mvua huzidi sana. Mvua ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, maana vumbi na mafuta ya miezi mingi huelea juu ya lami na kuifanya kama sabuni. Penye tope la udongo, shuka gia, nyoosha usukani, usishike breki kwa nguvu.

Makambako, katikati ya Iringa na Mbeya, ni mahali panaposifika kwa upepo. Upepo wa ubavuni hukusukuma, na unapotoka nyuma ya lori hukupiga kwa ghafula. Legeza mikono, bana tangi kwa magoti, acha nafasi. Tena kutoka Makambako kwenda Mbeya barabara inaelekea magharibi, basi jua la alasiri huwa usoni mwako, na asubuhi jua huwa usoni mwa wale wanaokuja kutoka Mbeya. Wao hawakuoni. Washa taa mchana, na upange safari yako isiangukie saa hizo.

KUONEKANA

Tulisema habari za ripoti ya mwaka 1981. Ilionyesha jambo jingine: pikipiki na gari zilipogongana, katika theluthi mbili za ajali hizo mwenye gari ndiye aliyeingia katika njia isiyokuwa haki yake, na mara nyingi kwa sababu hakuiona pikipiki. Haki itakuwa yako, na kaburi litakuwa lako. Kwa hiyo endesha kama mtu asiyeonekana. Penye njia panda, mathalani pale Uyole ambapo njia ya Tukuyu inajitenga na barabara kuu, tazama magurudumu ya mbele ya gari linalongoja; gurudumu huanza kuzunguka kabla dereva hajakutazama. Vaa fulana ya rangi inayong'aa. Usiku, anayeanza asiendeshe kabisa mpaka apate miezi sita.

Wala usiendeshe ukiwa umelewa au una usingizi. Iringa kuna pombe ya mianzi iitwayo ulanzi, ambayo wageni huidharau kwa utamu wake. Na dawa za mafua ziletazo usingizi nazo zihesabiwe, ijapokuwa zimetoka kwa daktari.

ABIRIA NA MIZIGO

Anayeanza asichukue mtu kwa miezi mitatu, hata akiwa mkewe, hata akiwa sheha. Abiria hubadili uzito, hubadili kona, na huongeza umbali wa kusimama. Ukisha kuhitimu, chukua mmoja tu, naye awe na kofia. Ile desturi ya kupakia watatu wanne, waiitayo mshikaki, imeua nyumba nzima kwa ajali moja.

Gunia la karafuu au la viazi lifungwe chini na katikati, si juu begani wala upande mmoja. Lifungwe kwa mpira au kamba mbili, na ncha zisining'inie. Baada ya mwendo mfupi simama ulikaze tena, kwa kuwa mzigo hujipanga.

KILA ASUBUHI

Kabla ya kuwasha, tazama mambo sita: tairi na upepo wake, breki zote mbili, mnyororo usilegee wala usikauke, mafuta ya injini, taa na honi, petroli. Kazi hii haimalizi dakika tatu.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Ukishtuka siku ya kwanza, utabana kitu gani kwanza?
2. Kwa nini breki ya mbele ina nguvu kuliko ya nyuma?
3. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa utasimama katika mita ngapi? Ni miti mingapi shambani mwako?
4. Unashuka mlima mrefu. Utatumia gia gani?
5. Pikipiki ya Unguja imefika Mbeya ikatoa moshi mweusi. Sababu ni nini?
6. Nguo yako ya kawaida inaweza kunaswa wapi, na utaifunga vipi?

Mwanachama anayeweza kujibu yote bila kurudi nyuma kusoma, na atafute mwalimu na uwanja. Asiyeweza, asome tena. Fedha za karafuu zimepatikana kwa jasho la msimu mzima. Zinunue kofia kwanza, mafunzo pili, na pikipiki tatu.